Pampu Kumi na Moja: Shajara ya Kufufua na Kupima Pampu za Sindano za Wodi ya Watoto Wachanga

15 Januari 2024: Tulichokikuta stoo

Karakana yetu, katika hospitali moja ya mkoa huku Kanda ya Ziwa, ina pampu 11 zilizokuja kwa msaada kwa nyakati tofauti na kurundikwa chini ya meza ya kazi. Nane ni pampu za sindano za modeli moja, ambazo nimezipa namba 1 hadi 8. Tatu ni pampu za dripu, zile zinazokamua mrija kwa vidole vya chuma, nazo nimeziita A, B na C. Hakuna hata moja iliyokuja na kitabu cha maelekezo. Uongozi umeidhinisha Sh 1,500,000, na lengo ni kwamba pampu zisizopungua 6 ziingie wodi ya watoto wachanga zikiwa zimepimwa, kwa sababu pampu kuwaka taa ni jambo moja na kutoa dawa kwa kipimo ni jambo jingine.

Hitaji la wodi ni hili. Mtoto njiti wa kilo 1.5 anayepangiwa mililita 60 kwa kila kilo kwa siku anahitaji mililita 90 kwa saa 24, yaani mililita 3.75 kwa saa. Kwa seti ya matone madogo, ambayo matone 60 hufanya mililita moja, hilo ni tone moja kila sekunde 16, na muuguzi wa zamu ya usiku anatakiwa kulihesabu kwa saa ya mkononi na kulirekebisha kwa kibano cha plastiki, kitanda baada ya kitanda. Mtoto akikunja mkono tu, mwendo wa dripu unabadilika na hesabu inaanza upya.

Kwa atakayetaka kufuata kazi hii, ni vema aelewe tangu mwanzo kwamba ndani ya pampu ya sindano hakuna kitu kinachopima kimiminika. Mota inayokwenda kwa hatua huzungusha skrubu ndefu, skrubu husogeza nati, na nati husukuma kichwa kinachobana kisukumio cha bomba la sindano. Mililita kwa saa tunazozisoma kwenye skrini ni milimita kwa saa zilizozidishwa na eneo la mduara wa bomba ambalo pampu imeambiwa kuwa limefungwa. Pampu haizijui mililita. Inazijua milimita, na karibu kila tatizo nililokutana nalo baadaye lilitokea katika pengo hilo.

Leo nimezifuta zote kwa sabuni kisha spiriti, nikakwangua maji ya sukari yaliyoganda kwenye reli, na kubandika kila moja karatasi nyekundu: ISITUMIKE KWA MGONJWA. Karatasi hiyo haibanduki mpaka siku ya kukabidhi.

26 Januari: Umeme, na pampu niliyoiunguza

Kosa la kwanza ni langu. Pampu zote nane zilikuwa na plagi ya miguu mitatu kama yetu, nikachukulia kwamba zote ni za volti 230. Kumbe namba 3, 4 na 6 zilitengenezwa kwa soko la Marekani, na mtu fulani njiani alizibadilishia plagi tu. Kibao cha volti 120 kilikuwa kimefunikwa na stika ya shehena ya msaada. Namba 3 ilikaa kwenye soketi kama sekunde kumi, ikavuma, ikatoa harufu ya vanishi inayoungua, ikazima. Transfoma imekwenda, na bodi ya umeme imekwenda nayo. Sasa ninabandua kila stika kabla ya kugusa soketi.

Mwenzangu alipendekeza tununue transfoma za nje za kushusha umeme kwa ajili ya namba 4 na 6. Nilikataa, kwa kuwa wodini vitu viwili vinavyotegemeana havikai pamoja hata mwezi: transfoma itahamishwa ili kuchajia simu, na pampu itachomekwa ukutani. Nilizifungua na kukuta kwamba transfoma yake ya ndani ina koili mbili za kuingizia umeme, kila moja ya volti 115, na imeandikwa kwamba inakubali hezi 50 na 60. Kwa Marekani koili hizo huunganishwa sambamba. Kwetu zinatakiwa zifuatane. Baada ya kubadili waya mbili na kuweka fyuzi ya miliampia 250 badala ya 500, kwa sababu volti zikiongezeka maradufu mkondo hupungua nusu, zote mbili ziliwaka bila kupata joto la kutisha.

Nyaya za umeme nimebadilisha zote saba kwa zenye waya wa ardhi usio na kiungo (Sh 126,000). Kipimo cha mkondo unaovuja tumekiazima kutoka karakana nyingine, nauli na gharama za kukirudisha Sh 80,000. Zote saba zimepita: mkondo wa kugusa kasha uko chini ya mikroampia 100 ambazo viwango vya kimataifa vya vifaa tiba vya umeme huruhusu katika hali ya kawaida.

9 Februari: Betri zinazosema uongo

Ukizichomoa pampu hizi ukutani, picha ya betri kwenye skrini inaonyesha imejaa, kisha baada ya dakika 23 (hiyo ndiyo namba 8, iliyodumu kuliko zote) mashine inalia na kuzima. Picha hiyo inasoma volti tu, na betri ya nikeli iliyochoka huonyesha volti nzuri hadi inapoanza kuporomoka.

Kila pampu inatumia seli sita za volti 1.2, jumla 7.2. Nilinunua mjini seli 42 za bei nafuu zilizoandikwa miliampia-saa 3000, kwa Sh 4,500 kila moja, bila kuijaribu hata moja kwanza. Ni Sh 189,000 zilizopotea. Nilipofunga seti ya kwanza na kuimaliza chaji kupitia rezista ya omu 18, ambayo huvuta takriban miliampia 400, ilishuka hadi volti 6 kwa saa mbili na dakika tano. Hesabu yake ni miliampia-saa 830 au pungufu. Seti mbili nyingine zilikuwa vilevile.

Muuzaji wa pili alikubali kwamba nipime seti moja kabla ya kulipia zote. Hizo zimeandikwa 2000 na zimetoa karibu 1,930, yaani saa nne na dakika hamsini. Seti saba zimegharimu Sh 434,000. Kuna kijana aliyetushauri tuweke seli za lithiamu za kompyuta mpakato, ambazo ni rahisi kupatikana. Chaja ya pampu hizi imetengenezwa kwa nikeli na haijui mahali pa kuacha kuchaji lithiamu, na mimi sitaki moto karibu na kitanda chenye oksijeni.

28 Februari: Mizani

Usahihi wa pampu hupimwa kwa uzito: maji yanayotoka yanaangukia chombo kilicho juu ya mizani, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni karibu sawa na mililita moja, saa ikiisha unajua pampu imetoa kiasi gani. Ndivyo kiwango cha kimataifa cha pampu hizi, IEC 60601-2-24, kinavyopima, ingawa maabara zina mizani bora kuliko yetu. Sisi tulinunua mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01 kwa Sh 45,000. Kwa mwendo wa mililita 5 kwa saa inatosha kabisa. Kwa mililita 0.5 haitoshi, na sikujaribu kudai kwamba inatosha.

Pampu namba 1 ilitoa gramu 4.70 badala ya 5. Namba 2 ikatoa 4.69. Nikaingia kwenye menyu ya fundi, nikaongeza namba ya usawazishaji kwa asilimia 6 katika zote mbili, na matokeo yakawa mazuri mno. Ilipofika namba 4, nayo ikatoa 4.71, ndipo nilipojiuliza inawezekanaje mashine tatu zenye historia tofauti ziwe na ugonjwa mmoja kwa kipimo kilekile. Jioni hiyo niliacha bilauri yenye maji juu ya mizani kwa saa moja bila pampu yoyote. Mizani ilipungua gramu 0.3.

Ni uvukizi tu. Bilauri ilikuwa pana, feni ya dari ilikuwa inazunguka juu yake, na mimi nilikuwa nimeharibu usawazishaji wa pampu mbili nzima ili zilingane na feni. Nimerudisha namba za zamani, ambazo kwa bahati niliziandika kwenye daftari kabla ya kuzigusa.

Dawa yake ilikuwa chombo chembamba, mafuta ya kula kama nusu sentimita juu ya maji, na ncha ya mrija kuzamishwa chini ya mafuta na kufungwa kwenye stendi ili isicheze, kwa sababu mrija ukigusa ukingo wa chombo mizani inasoma uzito wa mrija. Feni izimwe. Mizani za sonara pia hujizima zenyewe baada ya dakika chache. Yetu ilibidi tuifungue na kuilisha kutoka adapta, kisha kuiwekea uzito kabla ya kuiwasha, ndipo ikatulia. Mafuta na vyombo: Sh 9,000. Kabla ya kila kipimo sasa tunafanya saa moja ya mizani bila pampu, na kama imebadilika kwa zaidi ya gramu 0.02 hatuendelei.

Kwa utaratibu huu pampu 1, 2, 4, 6, 7 na 8 zote zimekaa ndani ya asilimia 2. Namba 5 ina tatizo lake.

13 Machi: Mabomba mawili ya mililita 50

Jumatatu mwenzangu alirudia kipimo cha pampu namba 7 wakati mimi sipo, akapata gramu 5.89. Alirudia mara tatu. Pampu ileile, mizani ileile, mafuta yaleyale. Tulibishana kuhusu kila kitu isipokuwa bomba la sindano lenyewe, kwa sababu lilikuwa limeandikwa 50 ml kama lile la kwanza.

Yeye alichukua bomba kutoka katoni mpya iliyofika wodini wiki iliyopita, ya mtengenezaji mwingine. Kwa kalipa, chombo cha kupimia vipenyo, kipenyo cha ndani cha bomba la zamani ni milimita 26.7, la jipya ni 29.0. Bomba jipya ni fupi na nene, la zamani ni refu na jembamba, na yote yanabeba mililita 50 kwa uaminifu. Lakini kisukumio kikisogea milimita moja, la zamani linatoa mililita 0.56 na jipya linatoa 0.66. Pampu iliyoambiwa kwamba ina la zamani husogeza kisukumio milimita 8.93 kwa saa ili kutoa mililita 5. Ikifungwa jipya bila kuambiwa, mwendo huohuo unatoa 5.9. Ni ziada ya asilimia 18. Yule mtoto wa mililita 90 kwa siku angepata 106, huku skrini ikisema 90 na kengele ikiwa kimya, kwa kuwa kwa upande wa mashine hakuna kilichoharibika.

Wengi hudhani pampu inalitambua bomba lenyewe, na mimi nilidhani hivyo. Kibano kinacholishika bomba kina kihisi kinachopima unene wa nje, nacho kinatofautisha bomba la 20 na la 50. Watengenezaji wawili wa bomba la 50 hakiwezi kuwatofautisha kwa uhakika, ndiyo maana pampu huuliza aina ya bomba kila inapowashwa, na ndiyo maana wauguzi wenye haraka hubonyeza "thibitisha" bila kusoma. Nisingewalaumu, mimi mwenyewe nimebonyeza hivyo mara mia karakanani.

Tumefanya mambo matatu. Kwanza, nimefuta kwenye orodha ya pampu aina zote za mabomba ambazo hospitali haina, zikabaki mbili. Pili, mfamasia amekubali kwamba wodi ya watoto wachanga ipewe aina moja tu, ile ya zamani, na katoni za aina ya pili ziende wodi nyingine ambako hakuna pampu. Tatu, tumekata bati lenye tundu linalopitisha ncha ya kisukumio cha bomba sahihi na kukataa kile kinene. Limefungwa kwa mnyororo kwenye kabati la mabomba. Bati hilo halijatugharimu kitu, nalo ndilo ninaloliamini zaidi kati ya yote matatu.

27 Machi: Namba 5 na nati iliyochoka

Namba 5 ilikuwa inatoa kiasi sahihi kwa saa ya pili na ya tatu, lakini saa ya kwanza ilikuwa pungufu sana, na kwa mililita 1 kwa saa haikutoa tone lolote kwa dakika 17. Nati yake, ambayo imekatwa nusu ili kichwa kiweze kuachia na kuteleza kwa mkono, ilikuwa imelika meno. Kati ya nati na skrubu kulikuwa na plei, yaani ulegevu, wa nusu milimita. Mota ilikuwa inazunguka kwa uaminifu, ikiijaza nafasi hiyo kwanza. Nusu milimita kwa bomba letu ni mililita 0.28, na kwa mililita 1 kwa saa hizo ndizo dakika 17. Dawa ya kupandisha shinikizo la damu ikichelewa hivyo, muuguzi ataongeza dozi akidhani haitoshi, kisha zote zitafika pamoja.

Nilianza kwa grisi, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote kwa meno yaliyolika, tena nilitumia grisi ya magari, ikanasa vumbi na nyuzi za pamba hadi skrubu ikakwama. Ilichukua asubuhi nzima kuisafisha. Kisha nikampelekea fundi wa kukereza vyuma mjini atengeneze nati ya shaba. Kazi yake ilikuwa safi kwa macho, lakini hatua ya uzi haikulingana na ya skrubu; kwa urefu wa nati ilikubali kuingia, na kwa urefu wa reli ilianza kukwaruza. Sh 60,000 zimekwenda, na kosa si lake, kwa maana nilimpa nati iliyolika aipime badala ya kumpa skrubu.

Mwishowe nati ya pampu namba 3, marehemu wa Januari, ilihamishiwa namba 5. Baada ya kusawazishwa inatoa tone la kwanza ndani ya dakika mbili.

Hata pampu nzima ina plei kidogo, kwa hiyo utaratibu wa wodi utakuwa huu: bomba likishafungwa, mrija ukiwa bado haujaunganishwa na kanula iliyo kwenye mshipa wa mtoto, muuguzi anabonyeza kitufe cha kujaza mrija mpaka aone tone kwenye ncha. Kujaza kwa mkono kabla ya kulifunga bomba hakuondoi plei, na hilo nililirudia mara nyingi katika mafunzo.

12 Aprili: Kuziba, na urefu wa stendi

Mrija ukikunjwa au kanula ikiziba, pampu inaendelea kusukuma, shinikizo linapanda, na kengele inalia likifika kizingiti. Nilitaka kujua inachukua muda gani. Niliunganisha saa ya kipimo cha zamani cha shinikizo la damu, ambayo mwisho wake ni milimita 300 za zebaki, sawa na kilopaskali 40. Kizingiti cha kiwandani cha pampu hizi kilikuwa karibu kilopaskali 100. Mshale ulizunguka ukapita mwisho na haujarudi sifuri hadi leo. Nimenunua geji ya bar 2 kwa Sh 25,000.

Kwa geji mpya na mwendo wa mililita 1 kwa saa, kengele ililia baada ya saa moja na dakika 24. Nilishangaa, kisha nikaona kwamba mpira wa kuunganishia geji ulikuwa umejaa hewa, na hewa hubonyea kama chemchemi. Nilipoujaza maji ilikuwa dakika 52. Kosa hilo lilinifundisha jambo la wodini: kiputo kikubwa kilichoachwa ndani ya bomba hukichelewesha kilio cha pampu kwa namna hiyohiyo.

Kilichonitisha zaidi ni kinachofuata kengele. Nilipoikunjua sehemu iliyozibwa, mililita 0.85 zilitoka kwa mpigo. Kwa mtoto anayepata mililita 1 kwa saa, hiyo ni dawa ya dakika 51 inayoingia kwa pumzi moja. Nimeshusha kizingiti hadi kilopaskali 40: kengele sasa inalia ndani ya dakika 20, na kinachotoka kwa ghafla ni karibu mililita 0.3. Kushusha zaidi ya hapo kulileta kengele za uongo kwa kanula nyembamba za watoto, na kengele ya uongo ikizoeleka huzimwa. Kanuni iliyoandikwa ubavuni mwa kila pampu ni kwamba kengele ya kuziba ikilia, funga kwanza koki ya njia tatu upande wa mgonjwa, fungua bomba kwenye pampu ili shinikizo liishe, ndipo utafute palipoziba.

Jaribio la mwisho lilikuwa la urefu. Nililitoa bomba lililojaa kwenye kibano, mrija ukiwa bado umeunganishwa, nikalininginiza sentimita 80 juu ya mizani. La kwanza halikusogea, kwa sababu mpira wa kisukumio una msuguano wa kutosha. La pili nililichagua likiwa na ufa mdogo karibu na ukingo, usioonekana mpaka ulielekeze kwenye taa. Hewa iliingia kupitia ufa ule na bomba zima likamiminika kwenye chombo tukiwa tumesimama tunaangalia, mimi, mwenzangu na mkuu wa wodi niliyemwita makusudi. Alisema, "Fundi, na sisi pampu huwa tunaziweka juu ya kabati." Sasa stendi zimetiwa alama ya rangi usawa wa kitanda, na pampu haipandi juu yake. Koki inafungwa kabla ya bomba kutolewa, kila mara. Mabomba na mirija ya majaribio yote hadi leo: Sh 96,000.

24 Aprili: Pampu A, B na C

Haya ni mafupi. Pampu za kukamua mrija hutegemea unene na ulaini wa mrija wake maalumu, na seti hizo hatuna, wala hakuna aliyeweza kutuahidi kuzileta kwa bei tunayoiweza. Kwa seti ya kawaida pampu A ilitoa pungufu ya asilimia 22 katika saa ya kwanza, na mlango wake ulipofunguliwa dripu ilimwagika bila kizuizi, kwa kuwa klipu inayoziba mrija mlango ukifunguliwa iko kwenye seti ambayo hatuna. Tumezitoa kwenye orodha. Mota na betri zitatumika kama vipuri vya mambo mengine.

10 Mei: Kadi, na tarakimu mbili

Tulichapisha kadi ya kuning'iniza kwenye kila pampu, ikiwa na mfano wa hesabu: "mililita 90 kwa saa 24 = mililita 3.75 kwa saa". Niliiona ni kadi nzuri. Katika mazoezi ya kwanza, kwa pampu iliyojaa maji tu, wauguzi sita waliingiza mwendo. Mmoja, mwenye uzoefu mkubwa kuliko wote, aliingiza 90. Alikuwa anaongea na mwenzake, akainua macho, akaona namba ya kwanza.

Kosa hilo lina historia. Mwaka 2006 huko Edmonton, Kanada, mgonjwa wa saratani alitakiwa kupewa dawa ya fluorouracil kwa siku nne. Lebo ilikuwa na tarakimu mbili, 28.8 kwa saa 24 na 1.2 kwa saa. Pampu ikawekwa 28.8 kwa saa. Dawa ya siku nne iliisha kwa saa nne, na mgonjwa alifariki baadaye. Uingereza nako kulikuwa na pampu ndogo mbili za Graseby zilizofanana sana, moja ikipimwa kwa milimita kwa saa na nyingine kwa milimita kwa saa 24, na makosa yakawa ni yaleyale ya mara 24, hadi Desemba 2010 wakala wa usalama wa wagonjwa wa huko ulipoagiza aina hiyo iondolewe ndani ya miaka mitano. Hapo milimita zilikuwa zimeandikwa waziwazi kwenye kasha, na kazi ya kuzigeuza kuwa dawa ilikuwa kichwani mwa muuguzi.

Kadi imechapishwa upya. Sasa ina nafasi moja ya kuandika namba, nayo ni mililita kwa saa. Hesabu ya saa 24 inabaki kwenye faili la mgonjwa. Kadi za mara mbili na plastiki: Sh 35,000. Pia nimeweka kikomo cha juu cha mililita 20 kwa saa ndani ya pampu zote saba, kwa hiyo 90 haikubaliki hata ukibonyeza kwa nguvu.

Kikomo hicho hakikamati kila kitu. Siku ya pili ya mafunzo namba 2 ilipewa 1 ikaonyesha 11, na 11 iko ndani ya kikomo. Muuguzi aliapa kwamba alibonyeza mara moja, na nilipojaribu mwenyewe mara hamsini, ilijirudia mara nne. Mguso wa kitufe ulikuwa umechakaa na unaruka. Ni kasoro inayojulikana: Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, ambayo ilipokea taarifa zipatazo 56,000 za matukio mabaya ya pampu za kuingiza dawa mwilini za kila aina kati ya 2005 na 2009, iliitaja kuruka kwa vitufe miongoni mwa matatizo yake ilipotangaza mpango wa kuziboresha mwaka 2010. Kibao cha vitufe kutoka namba 3 kimehamia namba 2. Kila kitufe cha kila pampu kimebonyezwa mara hamsini, kazi ya kuchosha ambayo nilipaswa kuifanya Januari.

Mkuu wa wodi ameongeza lake, ambalo nisingelifikiria: muuguzi anayeweka namba haisemi namba, anayekagua ndiye anayeisoma kwa sauti kutoka skrini, kisha wa kwanza anailinganisha na faili. Anasema mtu akikuambia "ni tatu nukta saba tano", utaiona tatu nukta saba tano hata kama haipo.

14 Juni: Wiki nne wodini

Pampu sita (1, 2, 4, 5, 6 na 8) zilikabidhiwa tarehe 17 Mei; namba 7 imebaki karakanani kwa mafunzo na akiba. Gharama yote ni Sh 1,099,000, na kati ya hizo Sh 249,000 ni seli za bandia na nati ya shaba. Thamani ya namba 3 siwezi kuiandika, ila vipuri vyake vimeziokoa pampu mbili.

Katika wiki hizi umeme umekatika mara tisa bila pampu yoyote kuzima. Kengele za kuziba zimeandikwa daftarini 31, nyingi zikiwa ni koki iliyosahaulika ikiwa imefungwa. Namba 6 ilirudi siku mbili kwa sababu ya maji ya sukari yaliyovuja kwenye reli, na sasa kila zamu inafuta reli kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kabla ya kukabidhiana.

Jana bohari ilileta mabomba ya mililita 50 ya mtengenezaji wa tatu, kwa kuwa yale ya zamani yamekwisha kwa msambazaji. Tundu la bati limeyakataa. Kalipa inasoma 28.3, na kwenye menyu ya pampu hakuna kipenyo hicho. Katoni mbili zimerudishwa zikiwa na maandishi yangu juu yake, mfamasia anatafuta aina ya zamani katika hospitali jirani, na wodi imebakiwa na mabomba ya wiki tatu.